Siku Niliyogeuka Jini wa Birika

Naanza na aibu yenyewe, ili mwenye kutaka kuondoka aondoke sasa: mimi Shaame, karani wa serikali, mtu wa kalamu ya wino mfukoni na baskeli yenye taa, nilitoka ndani ya birika la msikiti siku ya Ijumaa, mbele ya jamaa wote, nikiwa nimevaa kioo usoni na kitu kingine chochote sikuvaa. Basi, nimeshasema. Najua wengi wenu mmekwisha kuisikia kwa watu (maana mpaka leo nikipita njia ya Wesha hakosi mtu wa kukohoa kwa makusudi, tena wengine wamezaliwa juzi tu, sijui nani aliwafundisha), lakini kila mtu anaisimulia anavyotaka yeye, na leo sikilizeni ya mwenye mkasa.

Asili ya yote ilikuwa likizo. Miaka ile, Sultani yupo bado na siasa imeanza kupamba moto, nilikuwa nafanya kazi katika ofisi moja pale Chake Chake, kazi ya kugonga mihuri kwenye karatasi za karafuu, na kila mwaka karani alipewa likizo yake, na makarani wote walikwenda mahali pamoja, Unguja, kutembelea jamaa na kurudi na shati jipya. Mimi nilikwenda Unguja mara tatu, nikarudi na mashati. Mwaka ule akaja Mzungu mmoja kupima kina cha bahari pale Wesha, sisi tukimwita Bwana Mpimaji, na mimi nikatolewa ofisini niwe namsaidia kuandika hesabu zake.

Siku ya kwanza tu nilimwona akijifunga mtungi wa chuma mgongoni, akavaa viatu vya mpira vipana kama miguu ya bata, akaweka kioo usoni, akakaa kwenye ukingo wa mashua halafu akajitupa kinyumenyume baharini akapotea. Nikangoja. Mapovu yakawa yanapanda. Nikangoja tena, nikaanza kusema kimoyomoyo inna lillahi, nikaanza hata kufikiria nani nitakwenda kumpa habari za msiba, na mara akaibuka upande wa pili wa mashua akicheka peke yake. Aliponiona nimeduwaa akaniambia kwa kile Kiswahili chake cha kuokoteza, "Shaame, chini kuna shamba. Maua mingi sana. Samaki anakuja kutazama wewe, hana hofu."

Kuanzia siku ile, ndugu zangu, mimi sikuwa wa dunia hii. Nikikaa ofisini nagonga muhuri, naona samaki wa manjano wanapita baina ya makabati. Nikila wali kwa shangazi yangu Bi Time (ndiye aliyenilea), kijiko kinabaki hewani, naangalia ukutani, kule ukutani kuna bustani ya zambarau inayumba taratibu na mwanga unashuka kutoka juu kwa mistari, na hakuna sauti ya mtu, hakuna muhuri, hakuna mkuu wa ofisi. Shangazi ananiuliza, "Weye, umekwenda wapi?" Namjibu niko hapahapa, na sipo.

Bwana Mpimaji akaniambia kwamba kazi ikimalizika atakwenda kukaa kisiwani Misali wiki nzima kwa raha zake, kupiga mbizi tu, na akaniomba nimpangie safari hiyo: mashua, hema, mapipa ya maji ya kunywa, mpishi, kila kitu. Nikapanga, tena nikapanga kwa mapenzi, nikichagua hata upande gani wa ufuo hema litapata upepo. Na katika kupanga mambo ya mtu nikajikuta napanga yangu. Nikamuuliza kama na mimi anaweza kunivisha mtungi. Akanitazama, akasema anaweza, bali sharti kwanza nijifunze kukaa chini ya maji na kupumua kwa mrija bila ya kutaharuki. Akaniazima kioo chake kimoja cha usoni na mrija wake, ule wa kuubana mdomoni na ncha yake ikatokeza juu ya maji. Nikamuuliza tena, je, mke wangu naye? Akasema, "Lete."

Sasa mke mwenyewe sikuwa naye bado. Nilikuwa nimeposa kwa Mzee Faki, hatibu wa msikiti wetu, ambaye binti yake Mize nilipata kumwona mara mbili, mara moja akianika karafuu kwenye jamvi na mara moja akimfukuza beberu, na mara zote mbili nilikosa usingizi. Posa ilikuwa imepokewa, siku ilikuwa haijawekwa. Na mimi katika ndoto zangu nikaona hivi: kwa nini fungate yetu, zile siku saba ambazo bwana harusi na bibi harusi hufungiwa chumbani kwa wakwe na kulishwa kuku na kuchunguliwa, kwa nini tusiende kuzimaliza Misali? Bwana Mpimaji yupo, mtungi upo, mimi na Mize tushikane mikono tuteremke polepole mpaka kwenye lile shamba, ushungi wake unapepea majini, samaki wanatuzunguka, na hatusemi kitu. (Kichekesho ni kwamba sijui kuogelea. Mpemba mzima, nimezaliwa kisiwani, na maji yakinifika kiunoni nashika mtu.)

Nikamtuma shangazi kwa Mzee Faki apenyeze habari hiyo kwa adabu. Alirudi amekunja uso.

"Mwanangu," akasema, "Mzee Faki kanambia hivi: mwanakwe si pweza. Na ukilitaja tena hilo Misali, utarejeshewa posa yako, tena utaletewa na ntu mchana watu wote waone."

Mtu mwenye akili angekoma hapo. Mimi nilijiambia kwamba mzee hajaelewa tu, kwamba nikishakuwa fundi wa kukaa chini ya maji nitakwenda kwake mwenyewe, nimweleze uzuri wake, na moyo wake utalainika. Hema tayari, mashua tayari, Jumatatu Bwana Mpimaji anaondoka, na leo ni Alhamisi na mimi kile kioo bado sijakitia hata kwenye ndoo.

Ningekwenda ufukweni Wesha, bandarini pale hapakosi wapagazi na wavuvi, na karani asiyejua kuogelea akiingia maji na mdude usoni, kabla ya adhuhuri habari imemfikia Mzee Faki na chumvi juu yake. Nikatafuta mahali pa faragha. Na hapo ndipo nilipofanya ule uamuzi mdogo, mdogo kabisa, ambao nilipoufanya niliuona wa busara: nikalikumbuka birika la msikiti.

Wageni niwaeleze. Msikiti wetu ulikuwa na birika kubwa la saruji la kutilia udhu, limejengwa nyuma ndani ya kibanda cha makuti, lina kiza kidogo na baridi nzuri. Siku za kawaida maji huwa robo yake tu. Lakini kila Alhamisi jioni wanaume wa kijiji hukusanyika wakateka maji kisimani kwa ndoo na kulijaza mpaka ukingoni kwa ajili ya Ijumaa, na mimi mwenyewe jioni ile nilikuwa kwenye mstari, napokea ndoo napitisha ndoo, na kila ndoo iliyomiminwa mle naiona imenisogeza Misali. Nikajua Ijumaa asubuhi birika limejaa, watu wako makondeni, hakuna atakayekuja mpaka karibu na adhana.

Basi Ijumaa nikaomba ruhusa kazini, nikaja. Nguo zangu nikazificha kwenye migomba nje ya kibanda, nikabaki na kikoi. Bwana Mpimaji alikuwa amenionya kwamba kioo huvuja penye masharubu, kwa hiyo nikajipaka mafuta ya nazi usoni, na kwa kuwa maji yalikuwa baridi nikajipaka na mwili mzima, sikubania mafuta. Kumbe mwili wa mtu huelea, hilo nilikuwa silijui, kila nikikaa chini maji yananipandisha; nikachukua jiwe moja kubwa katika yale ya kukanyagia wakati wa kutawadha, nikalifunga kwenye pindo la kikoi changu fundo la nguvu, nikalipakata. Nikazama. Utosi ukaingia chini ya maji, ncha ya mrija ikabaki juu.

Mwanzoni nilitaharuki, nikanywa maji. Nikajaribu tena. Na mara ya tatu, jamani, nikapumua.

Sijui niwaelezeje. Pumzi inaingia taratibu, inatoka taratibu, naisikia mwenyewe kichwani. Kwenye kibanda mlikuwa na tundu kwenye makuti, na jua likateremka kwa lile tundu likaingia majini likawa la kijani, likifika chini linatawanyika na kucheza kwenye saruji, na yale mafuta yangu yakatengeneza rangi juu ya maji, rangi za kila namna, zinatembea. Ukutani mwa birika mlikuwa na ukoga, unapepea. Nikatazama ukoga ule mpaka ukawa bustani. Nikamwona Mize upande wangu wa kulia. Nikamwonyesha kwa kidole, tazama yule, na yule, naye akageuka kunitazama. Ikawa sina mwili, sina kazi, sina siku. Nikasikia kwa mbali kabisa kitu kama mtu anaita kwa sauti nzuri ya kuvuta, nikaona raha ile sauti nayo imo kwenye bustani, nikaiacha ipite. Ilikuwa adhana.

Aliyeingia kwanza kibandani ni Mzee Faki mwenyewe. Haya alinisimulia shangazi, aliyeambiwa na watu: mzee kavaa joho lake la hutuba, kakunja mikono, kachukua kata la kuchotea maji kulichovya birikani, kwanza anaona maji yana rangirangi, halafu anaona kijiti kimesimama katikati ya maji peke yake, halafu kile kijiti kikavuta pumzi. Khooo. Kikanyamaza. Kikaitoa. Khaaa. Kata likamponyoka.

Mimi kilichonishtua ni lile kata, lilizama mbele ya kioo changu. Nikainua macho, na kupitia maji nikaona vichwa, kofia nyingi zinayumbayumba kuuzunguka ukingo, na nikasikia mvumo, watu wanasoma Ayatul Kursi kwa pamoja. Nikaelewa mambo yote kwa mara moja: kwamba Ijumaa imewadia, kwamba nimo ndani ya maji ya udhu ya watu wote, kwamba nina kikoi kimoja kilichofungwa jiwe, na kwamba lile joho jeusi pale mbele ni la baba yake Mize. Nikisimama, posa imekwisha. Nikajiambia, tulia tu Shaame, watachoka watakwenda kusali, nawe utatoka.

Hawakuchoka. Wakaongezeka. Niwaambie kitu: siku zile siasa ilikuwa imewagawa watu vibaya, wa chama hiki hawanunui dukani kwa wa chama kile, wengine hawakuamkiana tangu Ramadhani, na wote hao siku ile walisimama bega kwa bega kwenye lile birika wakitazama kijiti changu. Wakashauriana. Mmoja akasema kichomwe kwa mkuki. (Hapo nilisikia vizuri sana.) Mzee Faki akasema la, mgeni hatendwi hivyo, tena kaja nyumba ya Mungu, huenda ni muungwana, kamwiteni mama.

Mama yake alikuwa Bi Chumu, bibi yake Mize, kikongwe ambaye ndiye aliyekuwa akisema na pepo wa kijiji chote. Ukiwa na mwari amepandisha pepo au ng'ombe amekataa njia, unampelekea yeye. Na mnajua kwetu, jini hapigwi wala hafukuzwi hivihivi, kwanza huulizwa jina lake, halafu mwao ni wapi, halafu anataka nini, akipewa haja yake huaga akaenda zake. Wanaume wakampisha. Akaja akachutama ukingoni, akaweka mdomo wake karibu na mrija wangu kabisa, na sauti yake ikanishukia mpaka kooni.

"Hodi, mgeni wetu. Mie Chumu. Weye watoka wapi?"

Sasa mtu umo chini ya maji, moyo unakwenda mbio, na bibi mzee anakuuliza kwa upole unakotoka. Huwezi kumnyamazia, si adabu. Na kichwani mwangu hamkuwa na neno lingine.

"Misaliii," nikasema, na lile neno likapanda kwenye mrija likatoka nje limekuwa zito, la kutisha, hata mimi liliniogopesha.

Nikaona kofia zote zimerudi nyuma. "Katoka Misali!" watu wakasema. "Ya Latifu, katoka Misali!"

"Karibu," akasema Bi Chumu. "Na wataka nini kwetu? Kama wataka halua, sema. Kama wataka kuku, sema rangi yakwe."

Hapa, jamaa zangu, ndipo ninapoona haya zaidi kuliko pale niliposimama uchi. Kwa sababu kusimama uchi ni bahati mbaya, lakini hili nililifikiri. Nililifikiri kwa muda wa pumzi mbili nzima. Nikamwona Mize, nikaona hema upande wa upepo, nikaona mzee aliyekataa kunisikiliza mimi karani anavyoinama kulisikiliza jini, na ulimi ukateleza.

"Nataka harusi," nikasema.

"Harusi ya nani, mgeni?" akauliza Bi Chumu.

"Ya Shaame. Na Mize."

Nikamsikia Mzee Faki anavuta pumzi. Watu wakaanza kunong'ona, na mwingine akasema kwa nguvu kwamba mzee amwambie jini amekubali, maana sala inapita. Mzee akakohoa, akajiweka sawa, akasema kwa sauti ya mimbari, "Nimekubali. Jamaa mushuhudie, nimekubali." Ningenyamaza hapo, jini angekwenda zake na Shaame angeoa, na leo nisingekuwa na cha kuwasimulia. Lakini mtu wa ndoto hana kipimo.

"Na fungate," nikasema, "iwe Misaliii."

"La!" akasema Mzee Faki. Hata jini hakumwogopa alipofika hapo. "Harusi nimekubali, bali fungate ndani ya nyumba yangu, ka watu wote!"

"Misaliii!"

"Ndani!"

"Siku mbili tu," nikasema, "tafadhali."

Bi Chumu akasogeza sikio lake kwenye mrija. Nilimwona kupitia kioo, amekunja uso wake wote, ameinamisha kichwa upande mmoja kama mtu anayesikiliza sufuria kama imechemka. Halafu akasema taratibu, "Mgeni huyu ana adabu nyingi. Mgeni ka huyu haendi bila ya ubani. Nileteeni chetezo, na musiutie kidogo."

Nikafurahi mimi. Nikajua ndiyo kuagana huko.

Wakaleta chetezo chenye makaa mekundu, wakaumimina ubani, na bibi akakipeleka palepale penye ncha ya mrija wangu, akashikilia. Nikavuta pumzi yangu ya raha, taratibu, kama nilivyofundishwa na Bwana Mpimaji. Moshi wote wa ubani wa Ijumaa ya kijiji chetu ukaingia kifuani mwangu.

Sikusimama kwa hiari yangu. Nilisimamishwa na kikohozi. Nikaruka kutoka majini kwa nguvu hata maji yakawavaa waliokuwa mbele, na jiwe likabaki chini, na kikoi kilichofungwa jiwe kikabaki nalo. Nikawa nimesimama katikati ya birika, ninang'aa mafuta, kioo usoni, mrija unatoa moshi, nakohoa na kulia machozi. Wengine walikimbia. Wengine walikwisha kuanza kukimbia halafu wakarudi. Bi Chumu alikuwa ameshageuza uso wake ukutani, tena mapema, mapema mno kwa mtu aliyekuwa hajui atakayetoka ni nani.

Nikavua kioo. Nilidhani adabu inataka nivue kioo. "Ni Shaame!" akasema mtu, na neno lile likatembea nyuma mpaka nje ya kibanda, Shaame, ni Shaame, Shaame karani.

Mzee Faki alinitazama. Sikupata kutazamwa vile tena maishani mwangu. Halafu akavua joho lake la hutuba, lile alilolivaa Ijumaa na Idi tu, akanitupia nijisitiri, nikalivaa na mafuta yangu. Nikafungua mdomo niseme kitu. Akanionyesha kiganja.

"Sala kwanza," akasema.

Watu wakaenda kutawadha kisimani kwa ndoo moja moja, sala ikachelewa, hutuba ikasomwa na hatibu asiye na joho. Mimi sikuthubutu kuingia msikitini, niliisikiliza nikiwa kibandani, na nililia kidogo, si kwa moshi. Baada ya sala hakuna aliyenigombeza. Walinipa ndoo tu. Nikalimwaga birika lote, nikalisugua kwa majivu mpaka mafuta yakatoka, nikaanza kuteka maji peke yangu, na kila aliyekwenda zake alipita kwa upande wangu, hata ambaye kwake ni upande mwingine. Katikati ya hayo ikafika Land Rover ya Bwana Mpimaji, anatafuta vitu vyake. Kioo kilikuwa kimepasuka, sijui saa ngapi. Akakitazama, akanitazama mimi na ndoo yangu, akaniuliza, "Ulipumua?" Nikamwambia nilipumua. Akanipa mkono akaondoka, na Jumatatu alikwenda Misali peke yake na hema langu.

Baada ya alasiri nikaitwa nyumbani kwa Mzee Faki. Nilikwenda na shangazi yangu, tukijua tunakwenda kurejeshewa posa. Wazee walikuwa wamekaa ukumbini, joho limeanikwa uani, lina doa mgongoni la umbo langu. Mzee akasema bila ya kunitazama, "Mie nimesema nimekubali mbele ya jamaa. Sikujua nasema na nani, bali ulimi ni wangu. Siwezi kuula. Sasa ataulizwa mwenyewe Mize. Akisema hataki, nimevuka."

Mwari, mnajua, akiulizwa akanyamaza ni ridhaa, na akilia ni ridhaa. Mzee Faki akaenda mlangoni mwa chumba cha ndani akauliza kwa sauti, wote tukisikia: mwanangu, je, uko radhi na Shaame? Na kutoka mle ndani kikatoka kicheko. Hakikuwa cha kichinichini, alicheka mpaka akapaliwa, akatulia, tukadhani amemaliza, akaanza upya.

Wazee wakatazamana. Mmoja akasema kicheko nacho ni ridhaa, wanavyuoni wameshasema. Mwingine akasema kweli, ila kikiwa cha furaha. Kikiwa cha kejeli, si ridhaa, ni kukataa. Wakaanza kusikiliza. Wazee watano na ndevu zao wametega masikio kwenye pazia, kicheko kinapanda kinashuka, mmoja anasema hiki cha furaha, mwenzake anasema subiri, na mimi nimekaa kwenye kona ya jamvi, maisha yangu yote yananing'inia kwenye koo la msichana. Niliomba Mungu, nikasema Ya Rabbi, Misali sitaki, samaki sitaki, nipe hiki kicheko kiwe chema.

Mwishowe Mzee Faki akachoka, akamwambia mama yake aingie akasikilize kwa karibu. Bi Chumu akaingia. Tukawasikia wananong'ona, halafu wakawa wanacheka wawili, na hapo nikakata tamaa kabisa. Akatoka anafuta macho kwa ncha ya kanga.

"Hajanambia ndiyo wala la," akasema. "Kaniuliza tu: kaona nini kule chini?"

Wazee hawakuelewa. Mzee Faki akauliza, sasa hiyo ni ridhaa au si ridhaa? Bi Chumu akamwangalia mwanawe kwa huruma, akamwambia, "Faki, wekeni siku."

Tukaoana msimu wa karafuu ulipokwisha. Fungate ilikuwa ndani, siku saba, kuku na kuchunguliwa, na mimi kazi yangu ilikuwa kusimulia, maana kila mchana alitaka nimwambie upya nilichokiona, na mimi nilimwambia ukoga wa birika la msikiti kama ulivyokuwa, bustani na mwanga na samaki, na yeye mwenyewe upande wangu wa kulia. Misali hatujakwenda kupiga mbizi mpaka leo. Tunaipanga kila mwaka, hema liwe wapi, nani apike, na kila mwaka linatokea jambo, mtoto, msiba, mvua. Birika nimelitubia, natawadha kwa ndoo, nyumbani, mlango umefungwa, na tangu siku ile mtu akiniuliza ninataka nini namjibu kwa sauti yangu mwenyewe na sidai cha ziada. Na Mize hunicheka bado. Humjia ghafla tu, anapepeta mchele au tumelala, huanza vilevile kama siku ile, mpaka anapaliwa, nami hunyamaza nikamsikiliza kwa makini, kwa sababu miaka yote hii, na watoto wote hawa, sijapata kujua kwa hakika ni kicheko cha namna gani.